Dishi Jeupe na Jicho la Mzee Aminiasi

Kila asubuhi Mereseini alipuliza moto, akachemsha chai ya mchaichai, akampelekea baba yake kikombe barazani. Kisha aliushika mkono wa baba yake na kuuweka polepole kwenye sikio la kikombe. Zamani hakuwa na haja ya kufanya hivyo.

Mzee Aminiasi alikuwa amebakiwa na jicho moja la kuonea, la kushoto. Daktari wa mjini aliwaambia wazi. Presha ya macho ilikuwa imelimaliza jicho la kulia. La kushoto lilibaki kipande. Matone ya dawa yangelichelewesha tu, yasingelirudisha lilivyokuwa.

"Jicho langu linafunga duka," mzee aliwaambia watu. "Dirisha moja bado liko wazi. Anayetaka kuonekana, apite haraka!"

Watu wa kijiji cha Vatudamu walicheka. Mereseini hakucheka. Aliona jinsi baba yake alivyogeuza kichwa upande kama kuku anayetafuta punje, ili amwone mtu kwa kile kipande kilichobaki.

Jumapili moja, baada ya ibada, familia ilikuwa inakula magimbi na samaki wa tui. Simu ikalia. Alikuwa Vasiti, binti wa kwanza wa Mereseini, aliyekuwa akiishi mji mkuu, Suva.

"Mama! Nimechaguliwa! Nimo kwenye timu ya taifa!"

Mereseini alipiga kelele hadi mbwa wakatoka chini ya nyumba. Isikeli, mumewe, alisimama na gimbi mkononi, akasahau kulitia mdomoni. Vasiti alicheza raga, ile ya watu saba. Na aliyemfundisha alikuwa babu yake, kwa nazi kavu, hapo hapo mbele ya nyumba, wakati ambapo nusu ya kijiji ilisema mtoto wa kike akasuke mikeka.

"Nipe babu," alisema Vasiti. "Babu, mechi yangu ya kwanza ni Jumamosi, wiki tatu kutoka leo kasoro siku moja. Saa tisa alasiri. Itaonyeshwa kwenye runinga. Utaniona?"

"Nitakuona," alisema mzee.

Simu ilipokatika, mzee alimrudishia binti yake. Kisha akasema, "Mere, mwanangu. Redioni nimesikiliza mechi maisha yangu yote. Huyu nataka kumwona. Mara moja tu inanitosha. Jicho likishamwona, likitaka kufunga, na lifunge."

Mereseini alimshika baba yake bega. "Utamwona, Baba. Nakuahidi."

Aliahidi kwanza, akafikiri baadaye. Nyumbani mwao kulikuwa na runinga moja, bonge la zamani lenye mgongo mrefu. Picha yake ilikuwa na chenga chenga. Hata mwenye macho mawili mazima alihitaji subira.

"Kuna huduma mpya za dishi," alisema Isikeli. "Picha ang'avu, wanasema. Unaona hadi nyasi moja moja. Labda mzee ataona. Tuna akiba ya mauzo ya yaqona, ile mizizi yetu ya kinywaji."

"Tusikurupuke," alisema Mereseini. "Nimesikia redioni: kabla hujanunua, uliza maoni ya waliotumia. Nitauliza."

Na kweli aliuliza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Pale Vatudamu, dishi zilikuwa mbili tu. Dishi jeupe lilikuwa juu ya nyumba ya Waisake. Dishi la kijivu lilikuwa juu ya nyumba ya Unaisi. Kampuni mbili tofauti.

Waisake alikuwa mtoto wa shangazi yake Mereseini. Hao wawili walikuwa watani tangu utotoni. Mereseini alimkuta anapalia bustani.

"Binamu, uso wako mbaya kama jana," alimsalimu.

"Na wewe miguu yako bado inakuja kabla ya mwili," alijibu Waisake. "Unataka nini? Ukija mchana najua unataka kitu."

"Nataka maoni. Hilo dishi lako jeupe, picha yake ikoje?"

Waisake aliweka jembe chini. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Wanaume watatu walikuwa wanapita njiani.

"Ovyo!" alisema kwa sauti kubwa. "Ovyo kabisa! Mvua ikinyesha, picha imekufa. Jua likiwaka, picha imekufa. Wachezaji unawaona kama viazi vya kuchemsha. Usijaribu, binamu. Mimi nimeshaumia."

"Pole," alisema Mereseini.

"Asante. Nakonda kwa ajili ya dishi hili," alisema Waisake, na wala hakuwa amekonda.

Kutoka hapo alikwenda kwa Unaisi, dada wa mumewe. Unaisi alimkaribisha kwa chai na keki.

"Wifi yangu, hili dishi la kijivu? Wee! Safi! Picha unaona mpaka jasho. Mimi sina neno. Tena ukilipenda sana, wifi, chukua hili hili langu. Uchukue dishi, king'amuzi, na mkataba, uendelee tu kulipa. Mimi nitajinyima kwa ajili yako."

"Una roho nzuri, wifi. Lakini siwezi kukunyang'anya. Tutanunua letu jipya."

"Oh," alisema Unaisi, na keki ikaondolewa mezani.

Mereseini alirudi nyumbani na furaha. Mmoja kasema ovyo, mmoja kasema safi. Kuna la kujiuliza tena? Alhamisi fundi alikuja kutoka mjini, akafunga dishi la kijivu juu ya bati, akawasainisha karatasi, akaondoka.

Jumamosi kulikuwa na mechi ya wanaume. Mereseini alisema watumie siku hiyo kujaribu. Alimweka baba yake kwenye mkeka, mbele kabisa, pua ikikaribia kugusa kioo. Picha ilikuja. Ikaganda. Ikaja tena. Ikawa na vidoa vidoa. Chenga zile za zamani zilikuwepo vilevile.

"Unaona, Baba?" aliuliza Mereseini.

"Naona, mwanangu. Vizuri sana."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Vijana wanakimbia. Yule pale amempita mwenzake!" Mzee alipiga makofi. "Amempita! Mkimbize!"

Isikeli na Mereseini walitazamana. Kwenye kioo hakukuwa na kijana yeyote. Lilikuwa tangazo la sabuni. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika shuka.

Mzee aliendelea kupiga makofi, uso wake ukiwa na tabasamu, ili binti yake asijisikie vibaya. Mereseini alitoka nje, akaenda nyuma ya jiko, akalia. Alilia kwa kuwa baba yake alikuwa anamdanganya kwa upendo. Na siku zilizobaki zilikuwa kumi na nne tu.

Jumanne iliyofuata, mgeni alifika na lori la mizigo. Aliitwa Arieta. Alikuwa mtumishi wa ofisi inayotetea wanunuzi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini. Siku hiyo alikuja kuangalia mizani ya duka la ushirika. Alipomaliza aliketi ukumbini na kuuliza kama kuna mwenye swali.

Mereseini alisimama. Alikuwa na hasira ya siku tatu.

"Dada Arieta, ninyi ndio mliosema redioni tuulize maoni ya waliotumia. Mimi nimeuliza. Nimenunua lililosifiwa. Na limeniumbua mbele ya baba yangu!"

Akaeleza yote. Alieleza hata habari ya sabuni. Waisake alikuwa anachunguza kucha zake. Unaisi alikuwa anachunguza paa.

Arieta alisikiliza hadi mwisho. "Pole sana, mama Vasiti," alisema. "Nikuulize kitu. Nyumbani una sufuria nzuri?"

"Ninayo."

"Mtu akikuuliza, 'Sufuria yako nzuri?' unamjibuje?"

Mereseini alikumbuka jambo. Juzi tu jirani alimuuliza hivyo hivyo. Na yeye alijibu, "Aa, inaunguza." Sufuria haijawahi kuunguza chochote.

"Kwa nini ulisema hivyo?" aliuliza Arieta, kama aliyekuwa amemsoma moyoni.

"Ningesema nzuri, angeiomba."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, maana hakuna asiyejua kerekere. Ndugu akisema "naomba hicho," unampa. Ukikataa, wewe si mtu. Na ni utamaduni mzuri, kwa kuwa umelisha wajane na kusomesha yatima. Lakini umewafundisha watu kuponda vitu vyao vizuri ili visiombwe.

"Nami niko vivyo hivyo," alisema Arieta. "Huu mkoba wangu, mkiniuliza, nitasema umetoboka. Sasa tuangalie. Aliyeliponda dishi lake, amelitupa?"

"Hapana," alisema Mereseini. "Ana mwaka wa pili nalo."

"Analilipia?"

"Kila mwezi! Hulilipia kabla hajanunua sukari."

"Mtu hulipia takataka miaka miwili? Na yule aliyesifu, alikuomba uchukue lake?"

"Alinibembeleza!"

"Basi majibu yote mawili ulikuwa nayo. Ulisikiliza midomo. Ungeangalia wanachofanya."

Watu walicheka tena. Waisake hakuvumilia.

"Ngojeni jamani!" alisema akisimama. "Nikisema picha yangu ni safi, Jumamosi mtakuwa wapi? Si kwangu? Watu arobaini, na mkate wangu, na chai yangu, na mkeka wa mke wangu? Mtanimaliza!"

"Na wewe, Unaisi?" aliuliza mtu.

"Mimi nimefungwa na mkataba wa mwaka," alisema Unaisi kwa sauti ndogo. "Nilitaka mtu anitoe. Nisamehe, wifi."

Mereseini alitaka kukasirika, akashindwa. Aliikumbuka sufuria yake.

Arieta alipiga makofi. "Kosa si la mtu mmoja. Mliulizana vibaya. Mnauliza hadharani, kwa jina, 'kizuri?' Hapa kwetu swali hilo halina jibu la kweli. Sasa tujaribu lingine. Kila mtu achukue karatasi. Usiandike jina. Andika kitu ulicho nacho, dishi au kimashine cha mkononi cha nyimbo na picha. Andika umekaa nacho muda gani. Andika ubaya wake, maana kila kitu kina ubaya. Mwisho, kingepotea leo, ungenunua kingine kama hicho? Asiyeweza kuandika, mwenzake asimwandikie. Achore kitu chenyewe. Duara ni ndiyo, msalaba ni hapana."

Karatasi zilikunjwa, zikatiwa kwenye kikapu, zikachanganywa. Bakuli la yaqona likazungushwa kidogo ili watu wapoe. Kisha Arieta akaanza kusoma.

"Kimashine cha mkononi. Miezi minane. Ubaya: betri inakufa baada ya nyimbo nne. Singenunua tena, hata kwa kulipwa."

"Kimashine cha mkononi. Mwaka mmoja. Ubaya: hakuna, ila mume wangu anakoroma hadi sikisikii. Ningenunua tena."

"Kimashine cha mkononi..."

"Tena?" alisema Isikeli.

"Kimashine cha mkononi..."

Wee! Vatudamu nzima ilijua vimashine viwili tu. Kikapu kilikuwa na kumi na kimoja. Vilifichwa kwenye mito, kwenye makopo ya biskuti, kwenye vibanda vya shambani. Watu walitazamana kwa macho ya wizi, kila mmoja akijifanya hajui, na mabega yao yanatikisika kwa kicheko. Mchungaji aliinamisha kichwa muda mrefu kuliko kawaida.

Arieta alifungua karatasi nyingine, akatabasamu.

"Dishi jeupe. Miaka miwili. Ubaya: mvua kubwa inakata picha, ndogo haikati. Picha ni kama uko uwanjani. Ningenunua tena kesho. Lakini msije wote."

Ukumbi ulilipuka. Hapakuwa na jina, na hapakuwa na haja ya jina. Waisake alijifunika uso kwa mikono miwili.

Karatasi moja ilimfanya Mereseini aache kucheka. Ilisema hivi: "Kimashine cha mkononi, kile kinene chenye kioo kipana. Miaka mitatu. Ubaya: juani hakionekani, na kinajaza mfuko. Lakini kinapokea waya kutoka king'amuzi. Naona kilichoko kwenye runinga nikiwa nimekishika usoni, na kinarekodi. Ningenunua tena."

Nikiwa nimekishika usoni. Mereseini alimtazama baba yake. Mzee alikuwa amegeuza kichwa, akimtafuta Arieta kwa kile kipande cha jicho. Runinga ile ya chenga hakuiona hata kwa karibu. Lakini kila asubuhi aliweza kusoma mstari mmoja wa Biblia, kitabu kikigusa kope.

Baada ya mkutano, Arieta alikwenda nyumbani kwao. Aliangalia dishi la kijivu, kisha akaligonga lile bonge mgongoni.

"Picha ang'avu inasafiri," alisema. "Inatoka kituoni, inapita kwenye dishi na king'amuzi, inafika kwenye runinga. Vyote lazima viwe vya aina hiyo. Runinga hii ni ya zamani. Hata ungeiletea picha ya mbinguni, ingekuonyesha chenga."

"Yule muuzaji hakuniambia!"

"Nawe hukumwambia una runinga gani. Karatasi uliyosaini iko wapi?"

Mereseini aliitoa juu ya kabati. Hakuwa ameisoma. Arieta aliweka kidole kwenye mistari midogo. "Soma hapa."

Mereseini alisoma polepole, neno kwa neno. Chaneli za picha ang'avu zinalipiwa kando. Akasoma tena chini yake. Mteja anaweza kurudisha vifaa ndani ya siku kumi na nne na kurudishiwa pesa yake.

"Leo ni siku ya ngapi?" aliuliza Arieta.

"Ya sita."

"Basi unangoja nini?"

Mereseini alimkumbatia pale pale, unene wote ule. "Ahsante, dada. Mungu akuzidishie."

"Sikiliza bado," alisema Arieta akicheka. "Mkienda dukani, mzee aende. Mwenye jicho ndiye mnunuzi. Akishike mwenyewe, akijaribu mwenyewe. Na umwombe asiwe na adabu."

"Asiwe na adabu?"

"Asiseme anaona kama haoni."

Alhamisi walikwenda mjini watatu, Mereseini, Isikeli na mzee, na dishi la kijivu kwenye gunia. Kampuni ilinuna kidogo, ikasoma karatasi yake yenyewe, ikarudisha pesa. Kutoka hapo walikwenda dukani kwa Bwana Shiu Narayan, muuza vifaa vya umeme.

Bwana Shiu alileta kimashine chembamba, kinameta. "Hiki ndicho kipya, mzee. Vijana wote wanakitaka."

Mzee alikishika usoni. Mereseini aliona midomo yake ikianza kutabasamu kwa adabu.

"Baba," alisema taratibu. "Kumbuka sabuni."

Mzee alishtuka. "Sabuni gani?"

"Jumamosi ile ulishangilia tangazo la sabuni."

Mzee akacheka, akacheka hadi machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili, linaloona na lisiloona. "Basi nilidhani yule kijana ana mbio za ajabu!" Akakirudisha kile kimashine. "Hapana, bwana. Hiki sioni. Ni kidogo mno."

Bwana Shiu alitoa kile kinene, chenye kioo kipana. Kilikuwa na vumbi, na bei yake ilikuwa chini zaidi. Alikiunga waya kwenye king'amuzi cha dukani, akaongeza mwanga. Mzee alikisogeza jichoni, akakisogeza pembeni, akatafuta pembe yake. Akatulia.

"Kuna mtu anasoma habari," alisema. "Amevaa tai nyekundu. Na tai yenyewe imepinda."

Mereseini aliangalia runinga ya dukani. Tai ilikuwa imepinda. Wakakinunua.

Bado lilibaki jambo moja. Kimashine kilihitaji dishi lenye picha safi, na hilo lilikuwa kwa Waisake. Mereseini alikwenda kwake tena jioni ile, lakini hakuwahi kufungua mdomo.

"Najua ulichokuja kuomba," alisema Waisake. Safari hii hakuwa na utani. "Binamu, yule mzee ni mjomba wangu. Tangu nikiwa mdogo, kwa haki ya mpwa, mimi naingia kwake nachukua. Nimechukua nguruwe. Nimechukua jembe. Niliwahi kuchukua bati la jiko lake, na mvua ilikuwa inanyesha! Hajawahi kusema hapana hata mara moja. Na mimi nimemficha picha miaka miwili kwa sababu ya mkate." Alifuta uso. "Mlete. Kiti cha mbele ni chake."

"Ahsante, Waisake."

"Lakini wengine waje na mikate yao."

Jumamosi ya mechi ilifika. Watu walikuja, na kweli walikuja na mikate yao, na chai, na mikeka. Unaisi alileta keki nzima, na safari hii hakuiondoa. Mzee Aminiasi alikaa mbele, shati limepigwa pasi, kimashine kipo usoni, waya umepita sakafuni hadi kwenye king'amuzi. Wengine wote walitazama runinga pana ya Waisake. Yeye alitazama yake.

Timu zilitoka. Vasiti alikuwa namba kumi na moja.

"Baba, unaona?" alinong'ona Mereseini.

Mzee alikisogeza kimashine jichoni zaidi.

"Baba?"

"Kamba," alisema mzee.

"Kamba gani?"

"Kiatu chake cha kulia. Kamba imefunguka. Ataanguka huyu! Mwambieni afunge kamba!"

Watu walikodoa macho kwenye runinga. Hakuna aliyekuwa ameona kamba yoyote. Kisha kule uwanjani Vasiti alitazama chini, akapiga goti, akafunga kamba ya kiatu cha kulia.

Nyumba ya Waisake ilipiga ukelele ambao haikuwahi kuupiga hata kwa goli. Wanawake walimkumbatia Mereseini. Isikeli alikuwa analia waziwazi, hana habari na mtu. Mzee alisema tu, "Nyamazeni, nyamazeni, wanaanza."

Vasiti alipata pointi mara moja siku ile. Timu yake ilishindwa, na kwenye nyumba ile hakuna aliyejali. Mechi ilipokwisha mzee aliomba arudishiwe mwanzo, kwa kuwa kimashine kilikuwa kimerekodi. Mara sita alimwangalia mjukuu wake akifunga kamba.

"Anatoa ulimi akifunga kamba," alisema. "Kama bibi yake. Marehemu alikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimesahau." Akatafuta mkono wa binti yake, akaubusu. "Ahsante, Mere. Umenionyesha wawili."

Tangu siku hiyo, kwenye duka la ushirika la Vatudamu kuna sanduku lenye tundu. Mtu anayetaka kununua dishi, kimashine, au hata sufuria, anasoma kwanza karatasi zilizomo, na karatasi hazina majina. Watu hawakurupuki tena. Wanauliza kitu kina muda gani, kina ubaya gani, na je, mwenyewe angenunua tena. Wanasoma mistari midogo kabla ya kusaini. Unaisi alimaliza mwaka wake wa mkataba, akafunga dishi jeupe.

Jicho la mzee linaendelea kufunga, taratibu, kama daktari alivyosema. Lakini bado halijafunga. Wiki iliyopita alimwita Mereseini barazani.

"Lete karatasi. Nami nataka kutoa maoni kwenye sanduku."

Mereseini aliketi na kalamu. "Sema, Baba."

"Kimashine kinene. Miezi mitano. Ubaya: juani hakionekani. Ningenunua tena. Andika hilo kwa herufi kubwa." Mzee alipapasa kikombe chake mwenyewe, akakipata, akanywa. "Sasa chini andika, Aminiasi wa Vatudamu."

"Baba, hatuandiki majina. Watakuja kukiomba."

"Andika," alisema mzee. "Waje tu. Watanikuta namtazama mjukuu wangu."